Kesi za leseni za pombe: Ni nani anayemtetea mnywaji?

MSOMAJI, bila shaka umeona mambo matatu yakifuatana humu nchini kama mabehewa ya gari la moshi. Kwanza, watu wanakufa kwa kunywa pombe yenye sumu. Pili, serikali inatoa amri kali kufunga viwanda, mabohari na baa, na leseni zinasimamishwa kwa mkupuo mmoja. Tatu, wenye biashara wanakimbilia kortini kuomba amri hiyo izuiwe hadi kesi yao isikizwe. Baada ya hapo kelele hupungua, kesi huahirishwa mara kwa mara, na sisi madaktari hubaki na waliopofuka.

Wengi husoma habari za kesi hizo wakidhani ni vita vya pesa baina ya matajiri na serikali. Mimi si wakili, lakini miaka ya kutibu wagonjwa mjini imenifanya nizione kwa jicho jingine. Leseni ya kuuza pombe kwa jumla ni jambo la afya ya umma, sawa na leseni ya duka la dawa au kibali cha kichinjio. Ikitolewa ovyo, watu hufa. Ikifutwa ovyo, korti huirudisha, na watu hufa vilevile. Katika ugomvi huo wote yupo mtu mmoja asiye na wakili, naye ni yule anayekunywa.

BOHARI NDILO LANGO

Hebu tazama safari ya chupa. Inatoka kiwandani, au inaingia bandarini Mombasa ikiwa imeagizwa kutoka ng'ambo. Inafika kwa muuzaji wa jumla, mwenye bohari na malori. Kutoka hapo inatawanywa kwa baa, hoteli, maduka ya mvinyo na vilabu vya mitaani. Mwenye baa mmoja akiuza chupa mbaya, atawadhuru wateja wake wa jioni hiyo. Bohari moja likipokea shehena mbaya, au likichanganya chupa halali na za magendo, madhara yatafika kila soko ambako lori lake limesimama.

Mnamo Mei 2014, zaidi ya watu 80 walikufa katika muda wa siku chache katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu, Kitui, Makueni na Kiambu. Sumu haina miguu. Wanywaji wa kaunti mbalimbali, ambao hawajuani, wakiugua karibu wakati mmoja, ujue kuna mtu aliyewasambazia.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa katika vitongoji vya Nairobi kwa pombe iliyoitwa kumi kumi, jina lililotokana na bei yake. Mwaka 2005, zaidi ya 40 walikufa katika sehemu za Machakos. Februari 2024, watu 17 walikufa baada ya kunywa katika baa moja kijijini Kangai, Kirinyaga. Ilielezwa wakati huo kwamba pombe hiyo ilikuwa imenaswa na polisi kama kielelezo cha kesi, kisha ikatoroshwa kituoni na kurudi sokoni. Fikiria jambo hilo, msomaji. Hata kilichokwisha kukamatwa kinaweza kumrudia mteja ikiwa hakuna anayehesabu chupa.

SUMU YENYEWE HUFANYA KAZI VIPI?

Kileo kinacholevya katika bia, mvinyo na pombe kali huitwa ethanoli. Anayo ndugu yake mmoja, methanoli, ambaye hutumiwa viwandani kutengeneza rangi, gundi na vimumunyisho. Kwa macho, wawili hawa hawatofautiani. Kwa pua na ulimi, mnywaji wa kawaida hawezi kuwatenganisha. Mfanyabiashara mwenye tamaa akikosa ethanoli safi, ama akitaka kukwepa ushuru wake, huiba au hununua methanoli na kuitia katika pipa.

Methanoli yenyewe si kali sana inapoingia mwilini. Hatari huja ini linapoanza kuisaga. Huibadilisha kuwa fomaldehaidi, na kisha asidi ya fomiki. Asidi hiyo hushambulia mishipa inayopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo, na huifanya damu yote iwe chachu. Kiasi cha mililita 10 cha methanoli tupu kinaweza kumpofusha mtu, na mililita 30 zinaweza kumuua. Hizo si nyingi kuliko vijiko viwili vya mezani.

Ubaya mkubwa ni kwamba madhara huchelewa. Mtu hunywa Jumamosi, analala vizuri, na anaamka Jumapili akidhani ana mning'inio wa kawaida. Saa 12 hadi 24 baadaye ndipo kichwa humgonga, tumbo humkata, hutapika, hupumua mbio, na huona ukungu mweupe mbele ya macho. Mgonjwa wa namna hii huletwa kwetu akiwa ameshikwa mkono na mkewe, akilalamika kwamba taa za nyumbani zimepungua nguvu. Taa ni zile zile.

Tiba ipo, lakini hutaka haraka. Tunaweza kumpa ethanoli safi ya hospitali, ambayo hulishughulisha ini lisiisage methanoli, au dawa iitwayo fomepizoli. Asidi ya damu hurekebishwa kwa bikaboneti, na aliyezidiwa husafishwa damu kwa mashine. Jiulize ni zahanati ngapi mashinani zilizo na dawa hiyo au mashine hiyo usiku wa Jumapili. Ndiyo maana nasema vita hivi havishindwi wodini. Hushindwa au hupotezwa mapema, mezani pa anayetoa leseni.

LESENI HUTOLEWA NA NANI?

Wazee watakumbuka sheria ya zamani ya leseni za vileo, Sura ya 121, iliyokuwa na korti zake za leseni wilayani, mwenyekiti akiwa mkuu wa wilaya. Kando yake ilikuwako sheria ya 1980 iliyopiga marufuku chang'aa. Zote mbili zilifutwa na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo wengi huiita sheria ya Mututho kwa kuwa mbunge wa Naivasha wakati huo, John Mututho, ndiye aliyeifikisha bungeni. Sheria hiyo iliruhusu chang'aa iwapo itatengenezwa kwa kiwango na kutiwa katika chupa ya kioo. Ilikataza pia vipakiti vidogo vya plastiki, na ikazuia leseni mpya kutolewa kwa mahali palipo chini ya mita 300 kutoka shuleni.

Mwaka huo huo wa 2010 tulipata Katiba mpya. Jedwali lake la Nne liliweka utoaji wa leseni za vileo mikononi mwa kaunti. Lakini ushuru wa bidhaa ulibaki kwa serikali ya kitaifa, ambako hukusanywa na Mamlaka ya Ushuru, KRA. Viwango vya ubora vilibaki kwa shirika la KEBS. Polisi walibaki kwa serikali ya kitaifa, na 2012 Bunge likatunga sheria ya kuipa nguvu Nacada, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Duka la rejareja halina utata sana, kwa kuwa liko mtaa mmoja na hutazamwa na kaunti moja. Muuzaji wa jumla ndiye anayeleta swali gumu. Akiwa na bohari Kiambu na malori yanayopeleka kreti Nairobi, Machakos na Nakuru, anahitaji leseni ngapi? Nani ana mamlaka ya kuifunga biashara yake: kaunti iliyomlisha leseni, Nacada, KRA au Waziri? Panapokuwa na wakubwa wengi namna hiyo, kila mmoja hutoza ada yake na kumwachia mwenzake kazi ya kupima kilichomo chupani. Wakili hodari hahitaji zaidi ya ufa huo ili kushinda kesi.

KORTI HUANGALIA NINI?

Katika nchi nyingi zenye sheria zilizotokana na za Kiingereza, majaji wamekwisha kulijibu swali la msingi. Mwaka 1890, Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Crowley na Christensen, ilisema hakuna raia mwenye haki ya asili ya kuuza vileo. Serikali inaweza kuruhusu, kuwekea masharti au kukataza. Mwaka 1986, Mahakama ya Juu ya India iliamua kesi kutoka jimbo la Madhya Pradesh, ambako wafanyabiashara walipinga jinsi serikali ya jimbo ilivyogawa leseni za kutengeneza pombe ya kienyeji na kuwasambazia wauzaji wa rejareja kwa jumla. Majaji walikubali kwamba biashara ya pombe ni kibali cha serikali, si haki ya kuzaliwa nayo. Lakini waliongeza neno zito: hata inapogawa kibali, serikali haiwezi kupendelea huyu na kumwonea yule apendavyo mkubwa.

Sisi hapa Kenya tunalo jambo hilo katika Katiba. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na maafisa wa serikali kwa njia halali na ya haki, na kupewa sababu kwa maandishi haki yake inapoguswa. Sheria ya 2015 ilifafanua zaidi: anayetaka kukufungia biashara akupe notisi na akusikize kabla ya kuamua. Na hapo ndipo serikali hujikwaa.

Julai 2015, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliwaagiza viongozi wa eneo la Kati waongoze msako dhidi ya pombe haramu. Makundi ya watu yalivamia mabohari na baa, pombe ikamwagwa mitaroni na mali ikaharibiwa. Baadhi ya walioathirika walisema walikuwa na leseni, na wakaelekea mahakamani. Machi 2024, baada ya vifo vya Kirinyaga, Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Kithure Kindiki, alitangaza hatua 25. Miongoni mwao ilikuwa kusimamisha leseni za watengenezaji wote wa pombe ya kizazi cha pili, yaani ile inayotengenezwa kwa kuchanganya spiriti na maji, rangi na ladha, hadi wakaguliwe upya. Mara hii pia njia iliishia kortini.

Siwalaumu walioshtuliwa na vifo. Lakini daktari anayempasua mgonjwa kabla ya kumpima, hata akiwa na nia njema, atamdhuru. Anayefunga viwanda vyote kwa siku moja, chenye hatia na kisicho na hatia, bila vipimo na bila notisi, humpa mwovu zawadi. Mwovu huyo husimama mbele ya jaji pamoja na mwenzake mwema, na wote wawili huwa wameonewa sawasawa. Jaji akisimamisha amri, huwarudishia wote wawili malori yao.

HOJA YA WAFANYABIASHARA

Wauzaji wa jumla wana hoja moja ambayo si haki kuipuuza. Husema kwamba ukifunga bohari lenye leseni, mnywaji haachi kunywa; huhamia kwa mama pima. Historia inawaunga mkono. Kwa miaka 30, kuanzia 1980 hadi 2010, chang'aa ilikuwa marufuku kabisa, na kwa miaka hiyo yote ilinywewa. Utafiti wa Nacada wa 2022 ulikadiria kwamba Wakenya wapatao milioni 3.2 wa umri wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wakinywa pombe. Watu wengi namna hiyo hawawezi kuacha kwa sababu Waziri amesoma taarifa. Zaidi ya hayo, aliyezoea kunywa kila siku akikatizwa ghafla anaweza kupatwa na kifafa na kuweweseka, na hali hiyo inaweza kuua.

Lakini hoja hiyo ina mwisho wake. Haituambii kwamba kila mwenye leseni aachwe. Inatuambia kwamba leseni lazima iwe na maana, ili mnywaji anayelipa zaidi kwa chupa yenye stempu ya ushuru awe kweli amenunua usalama kuliko wa pipani. Stempu bandia zikibandikwa bohari moja, uaminifu wa mabohari yote umeharibika.

Nami kama daktari niongeze hili: usalama huo ni wa kutokufa kesho tu. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Pombe halali pia huharibu ini, hupandisha shinikizo la damu na husababisha saratani, ikiwemo ya umio na ya matiti. Leseni ya serikali si cheti cha daktari.

NINI KIFANYWE?

Serikali na kaunti zijifunze kushinda kesi hizi kabla ya kesi kuanza. Leseni ya jumla iwe na masharti yaliyoandikwa: daftari la kila shehena, ilikotoka, namba za stempu zake na baa iliyouziwa. Maafisa wa afya, ambao wazazi wetu waliwaita bwana afya, waingie mabohari bila kutangaza siku na kuchukua chupa chache kwa vipimo vya maabara. Matokeo yahifadhiwe. Bohari likikutwa na kosa, lipewe notisi na lisikizwe upesi, kisha leseni yake yenyewe ifutwe kwa sababu zilizoandikwa. Panapokuwa na hatari ya leo hii, shehena inayoshukiwa izuiliwe mara moja na wateja watangaziwe namba yake. Nina hakika ni vigumu kwa jaji yeyote kukataa karatasi ya maabara inayoonyesha methanoli.

Majaji nao tunawaomba jambo moja kwa heshima. Mwaka 2014, Mahakama ya Juu yetu, katika kesi ya Munya na Kithinji, ilisema kwamba anayeombwa kutoa amri ya muda ya kusimamisha jambo atazame pia maslahi ya umma. Basi katika kesi za pombe ya jumla, maslahi hayo yawe na sura. Kabla ya kuruhusu malori yatoke tena, korti iulize: shehena hii imepimwa? Na nani? Daftari liko wapi? Amri ya muda inaweza kutolewa pamoja na masharti kwamba bidhaa zipimwe na matokeo yaletwe mbele ya korti kwa tarehe maalumu. Mwenye biashara safi hatapoteza kitu. Katiba hiyo hiyo inayomlinda mwenye leseni kwa Kifungu cha 47 inamlinda mgonjwa wangu kwa Kifungu cha 43 kuhusu afya, na mnunuzi kwa Kifungu cha 46 kuhusu bidhaa salama. Vifungu vyote ni vya nchi moja.

Wauzaji wa jumla walio waaminifu wasingoje msako ili waanze kusema. Wao ndio wanaojua ni nani anayeuza kreti kwa bei isiyoweza hata kulipa ushuru. Kunyamaza kwao leo ndiko kunakowafanya wafungiwe pamoja na mwizi kesho.

Na wewe, msomaji, una kazi pia. Sheria humpa mwananchi nafasi ya kuwasilisha pingamizi kabla ya leseni kutolewa. Nafasi hiyo hupita kimyakimya kwa sababu hakuna anayesoma matangazo. Waulize wahusika katika kaunti yako ni mabohari gani yaliyoidhinishwa mtaani mwako. Kama unakunywa, kagua stempu ya KRA. Ipo programu ya simu iitwayo Soma Label iliyowekwa kwa kazi hiyo. Chupa ikiwa rahisi kupita kiasi, kifuniko chake kikiwa kimelegea au karatasi yake imebandikwa kombo, iache. Na mtu wako akiamka baada ya kunywa akisema haoni vizuri, usimpe maziwa wala supu na kumwambia alale. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na ikiwezekana ubebe chupa aliyonywa.

Kesi nyingine ya leseni haitakawia kuja. Utakapoisoma, utaona jina la kampuni, la Waziri na la jaji. Tafuta pia kama kuna aliyesimama mbele ya jaji huyo kusema ni nini kilichokuwa ndani ya chupa. Asipokuwapo, ujue kesi imesikizwa nusu.